Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji kuhusu njia za baiskeli za milimani bondeni kwetu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NJIA ZA BAISKELI ZILIZOFUNGULIWA KATIKA BONDE LETU BILA KUTENGENEZWA NA BILA RIDHAA YA VIJIJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa bonde moja la mto katika milima ya Usambara Magharibi, mkulima wa mboga na matunda, na kwa miaka kumi na miwili sasa nimekuwa nikiwaongoza wageni wanaokuja kupanda na kushuka milima yetu kwa baiskeli. Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliileta kwa mkono katika masjala ya ofisi yako, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Ya pili ilipitia kwa Mtendaji wa Kata. Ya tatu tuliiandika pamoja, wakulima, waongozaji wa wageni na walimu wawili, tukaiambatanisha na picha za makorongo tunayoyalalamikia. Msimu mzima wa vuli umepita tangu hiyo ya tatu ipokelewe, na hakuna hata moja iliyojibiwa, si kwa maandishi wala kwa simu. Ndiyo maana leo ninaandika mbele ya kila mtu. Nimeamua kutoitaja kwa jina Halmashauri, wala bonde, wala kampuni yoyote inayoleta wageni, kwa kuwa sikusudii kumwaibisha mtu. Ninachotaka ni njia zitengenezwe, na wanaohusika wataitambua habari yao watakapoisoma.

Nianze kwa kueleza ninachokitetea, ili nisieleweke kuwa ni mtu anayezichukia baiskeli. Anayetoka Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, hupanda zaidi ya mita 900 kabla ya kufika Lushoto, kwa barabara ya kilomita zipatazo 33 inayopita Soni karibu na maporomoko ya maji. Akifika juu huko, joto la nyika ameliacha nyuma. Asubuhi kuna ukungu, kuna misitu yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani, na vijiji vimekaa kwenye migongo ya milima hadi Mtae, ambako ardhi hukatika ghafla na mbuga ya Mkomazi ikaonekana chini kabisa, tambarare na yenye vumbi. Mwenye baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana na breki za diski, anaweza kutumia siku tatu au nne katika nchi hii bila kurudia njia. Nimewaona watu wazima wakisimama kwenye ukingo wa mlima wakilia kwa furaha. Kazi hiyo imenisomeshea watoto wawili, na ningependa iwasomeshe wa wengine.

Lakini njia hizo hazikuchongwa kwa ajili ya mchezo. Ni vijia vya watu. Kila siku hupita humo wanafunzi wanaokwenda shule na kurudi, akina mama wenye mizigo ya kuni na ya majani ya ng'ombe, vijana wanaobeba kabichi na viazi hadi mahali ambapo gari la sokoni linaweza kufika, na, pale mtu anapougua usiku, wanaume wanne wenye machela. Vijiji vingine havina njia nyingine ya kufika barabarani. Ofisi yako ilipotangaza kuwa bonde letu ni eneo la utalii wa baiskeli, watu walikuja, wakapaka rangi nyeupe kwenye mawe kuonyesha njia tano, wakasimamisha kibao chenye orodha ya ada, kisha wakaondoka. Tangu siku hiyo hakuna sururu wala sepetu iliyoletwa na Halmashauri kwa ajili ya njia hata moja kati ya hizo tano.

Hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Njia tatu kati ya tano zinashuka mlima moja kwa moja, na sasa zimekuwa mifereji.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na naomba univumilie nilieleze kwa urefu. Kijia kilichokatwa na watu wenye haraka ya kufika sokoni hushuka mlima kwa mkato. Kikipitwa na miguu michache kwa siku, majani yaliyo katikati na pembeni huendelea kuushika udongo. Yanapoanza kupita magurudumu mengi kwenye mstari uleule, hali hubadilika: mwendesha baiskeli hufunga breki kwenye mteremko mkali, tairi la nyuma huburuta udongo, majani hufa, na mfuo hubaki pale ulipo. Mvua ikinyesha, maji huutafuta mfuo huo, na yakishauingia hayatoki tena mpaka mtoni. Masika ya kwanza mfuo ukawa ufa. Masika ya pili ufa ukawa korongo. Katika njia inayoshuka kutoka shuleni hadi mtoni, korongo hilo leo linanifika kiunoni, na kwa kuwa hakuna anayeweza kupita ndani yake, watu na baiskeli wamehamia pembeni, ambako korongo la pili limeanza kuchimbika kando ya la kwanza. Mama mmoja anayelima maharage hapo amepoteza safu mbili za majani ya gwatemala alizozipanda kwa mikono yake, na hakuna aliyemwendea hata kumpa pole.

Ndugu Mkurugenzi, elimu ya kuzuia jambo hili haitoki mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza huku Lushoto mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto, ule ambao wengi tunaujua kwa kifupi cha SECAP, uliofanywa kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Wazazi wetu walifundishwa kupima kontua, yaani mistari ya usawa inayouzunguka mlima, kuchimba makinga maji, na kupanda gwatemala na miti kwenye kingo zake, na mashamba mengi yanayoonekana ya kijani hadi leo yamesalimika kwa sababu ya kazi hiyo. Kanuni ya njia nzuri ya baiskeli ni kanuni ileile. Njia inatakiwa kuuzunguka mlima badala ya kuushuka. Wajenzi wa njia hizi katika nchi zilizotangulia wanashauri kwamba, kwa wastani, njia isishuke zaidi ya mita moja kwa kila mita kumi za urefu wake, na kwamba mwinamo wake usizidi nusu ya mwinamo wa mlima wenyewe, kwa sababu ukizidi hapo maji huacha kuivuka na huanza kuifuata. Upande wa nje wa njia huwekwa chini kidogo kuliko upande wa ndani, ili maji yavuke na kuendelea na safari yake yakiwa yametawanyika. Tena, kila baada ya hatua kadhaa njia huinuliwa kidogo kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yoyote yaliyoifuata yalazimike kutoka hapo. Mkulima yeyote wa hapa aliyewahi kuchimba matuta ya fanya juu (udongo hutupwa juu ya mtaro) au fanya chini (hutupwa chini yake) akiambiwa mambo haya anayaelewa kabla hujamaliza kusema. Kamba na pima maji vipo vijijini. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa ofisi yako kuja kuuliza kabla rangi haijapakwa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu udongo unaoondoka hauishii bondeni. Unaingia mtoni, na mito yetu ndiyo inayowafikia wakulima wa nyikani wanaotegemea mifereji ya umwagiliaji. Hao hawajawahi kuona baiskeli zetu, lakini ndio wanaozibua matope yake.

2. Hakuna kijiji kilichoulizwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kuisimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, nayo hairuhusiwi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Najua njia si kiwanja, na sidai kwamba kuna mtu aliyegawiwa ardhi yetu. Ninachosema ni kwamba njia iliyowekwa alama, ikatangazwa, na ikatozwa ada, imebadilishwa matumizi, na waliokuwa wakiitumia tangu enzi za mababu walipaswa kusikilizwa kwanza. Nimeomba kuonyeshwa muhtasari wa mkutano wowote wa kijiji uliolijadili jambo hili. Katika vijiji vitatu ambavyo njia hizo zinapita, watendaji waliniambia kwamba hawana.

Milima hii ina kumbukumbu ya mipango iliyokuja bila kuuliza. Katika miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza ulianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kurekebisha ardhi, ambao baadaye ulisambazwa sehemu nyingine za Usambara, na wakulima wakalazimishwa kwa amri kuchimba matuta kwenye miteremko. Wataalamu wa wakati ule hawakukosea waliposema kwamba udongo ulikuwa unaondoka. Walikosea kuwaamrisha watu, hasa wanawake waliokuwa wakibeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba, jinsi ya kulima mashamba yao bila kuwasikiliza. Upinzani ukawa mkubwa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Makinga maji ya miaka ya 1980 yalikubalika zaidi na yamedumu, na wazee wanasema tofauti ilikuwa kwamba safari ile wakulima waliona faida ya majani kwa ng'ombe wao na walihusishwa katika kupima. Katika Kishambaa kuna usemi kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kuna kubana shi, yaani kuiharibu. Maneno hayo zamani yalitumika kwa watawala: chifu alipimwa kwa jinsi nchi ilivyostawi au kuteketea chini yake. Wazee wa kijijini kwetu wameanza kuyasema tena wanapozungumzia njia hizi, na nimeona ni wajibu wangu kukufikishia.

3. Vivuko vya mto.

Njia mbili zinauvuka mto mahali ambapo palikuwa na daraja la magogo. Moja lilichukuliwa na maji. Sasa baiskeli huteremka ukingoni na kuvukia majini, kila kundi likichagua mahali pake, na ukingo unabomoka pande zote mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na wakulima wetu wamekuwa wakikumbushwa sheria hiyo kila mwaka, wengine kwa kung'olewa mazao. Naomba ikumbukwe na hapa pia.

4. Watu na baiskeli kwenye kijia kimoja.

Mwezi uliopita msichana wa darasa la tano aliyekuwa amebeba ndoo ya maji alikutana na mwendesha baiskeli kwenye kona iliyofunikwa na migomba. Mgeni yule alijitahidi, akajitupa pembeni, na akaumia bega. Msichana alianguka na kuvunjika mkono. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kona ile haina alama, haina mahali pa kupishana, na ilikuwa saa tisa alasiri, wakati wanafunzi wanatoka shule na kwenda kuteka maji. Sisi waongozaji wenyeji tuna desturi ya kushuka kwenye baiskeli tunapokaribia kisima au nyumba, kutoa salamu, na kumpisha mwenye mzigo kichwani bila kujali nani alitangulia. Makundi yanayokuja bila mwongozaji mwenyeji hayaijui desturi hiyo, na kibao cha Halmashauri, chenye nafasi ya kutosha kwa orodha ya ada, hakina hata mstari mmoja wa kuwaeleza.

Niongeze kwamba siku hiyo hapakuwa na namba ya kupiga, wala machela, wala mtu aliyejua ni nani anayewajibika. Msichana alibebwa na baba yake mdogo hadi barabarani, kisha akapelekwa kwa bodaboda. Gharama za matibabu zililipwa na yule mgeni, kwa hiari yake.

5. Ada inayokusanywa.

Kila mgeni mwenye baiskeli hulipa na kupewa risiti ya Halmashauri. Hilo ni jema, kwa kuwa zamani kila mtu alijitoza atakavyo. Lakini vijiji vinavyopitiwa havijapokea chochote, na hatujaambiwa fedha hizo zinaingia katika fungu gani. Wageni wangu huniuliza wanapoliona korongo: je, fedha tulizolipa ni za nini? Nimekuwa nikinyamaza, na kunyamaza huko kumeanza kunifanya nionekane mshirika wa jambo nisilolijua.

Ndugu Mkurugenzi, nimefanya kazi na ofisi za umma kwa muda wa kutosha kujua majibu yanayoweza kuja, na baadhi yake nimekwisha kuyasikia mlangoni kwako kutoka kwa wasaidizi wako. Naomba niyatolee maelezo mapema, kwa heshima.

Inasemwa kwamba vijia hivi si barabara, kwa hiyo havimo katika orodha ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na haviwezi kupangiwa matengenezo. Nakubali kwamba si barabara. Lakini kitu ambacho hakikuwa barabara kiasi cha kutengenezwa kingekuwaje chanzo cha mapato kiasi cha kutozwa? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia kwa manufaa ya umma, na vijiji vina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Hakuna aliyefungwa mikono hapa.

Inasemwa kwamba sehemu ya juu ya njia imo ndani ya hifadhi ya msitu, ambayo ina mamlaka yake. Ni kweli, na huko juu hali ni nafuu, kwa sababu mizizi na majani yaliyooza bado yanaushika udongo. Makorongo ninayoyazungumzia yote yako chini ya mpaka wa msitu, kwenye ardhi ya vijiji.

Inasemwa kwamba bajeti haitoshi. Njia ya upana wa hatua moja haihitaji greda wala kandarasi kubwa. Inahitaji watu wanaojua kupima kontua, zana za mkono, majani ya kupanda kingoni, na siku za kazi. Halmashauri zote nchini hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Kikundi cha vijana kilichopewa mkataba wa kuzitunza njia hizi, kikilipwa kutokana na ada zinazokusanywa kwenye njia hizohizo, kingeweza kukopa zana na kurejesha. Nimezungumza na vijana kumi na wanne walio tayari. Wengi wao ni watoto wa watu waliochimba makinga maji.

Jibu ninaloliogopa kuliko yote ni la nne: kwamba, kwa kuwa baiskeli zinaharibu, basi zipigwe marufuku kabisa na mjadala uishe. Hilo lingewaondolea riziki watu wengi na lisingeliziba korongo hata moja. Utafiti uliofanywa katika njia za milimani za Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulilinganisha watembea kwa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli, na ukaona kwamba kwenye njia zilizolowa maji kwato na miguu zilifungua udongo mwingi kuliko magurudumu. Siutaji utafiti huo ili kuzisafisha baiskeli, kwa maana nimekwisha kueleza jinsi tairi linaloburutwa linavyochora mfuo, na mfuo usiokatika ndio unaoyapa maji mwanzo. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba shida kubwa iko kwenye mahali njia ilipopitishwa. Njia inayoshuka wima ingechimbika hata kama wangepita ng'ombe peke yao. Na njia iliyopimwa vizuri hubeba wote. Majirani zetu wa Rwanda, ambao nchi yao ni vilima kama yetu, wana njia ya Kongo-Nile, yenye kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, na humo watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wanakijiji wanapita pamoja.

Kuna pia wanaosema kwamba wageni wenyewe ni wachache mno kiasi cha kustahili shughuli yote hii. Ikiwa ni wachache, huu ndio wakati mzuri wa kuzitengeneza njia, kabla hawajawa wengi. Tena matengenezo hayo hayatakuwa ya wageni pekee, kwani msichana aliyevunjika mkono na wanaume wenye machela watazitumia kila siku ya mwaka, ziwe na wageni au zisiwe nao.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo, na ninayaomba yote kwa pamoja.

(a) Njia tatu zinazoshuka wima zifungwe kwa baiskeli kuanzia sasa hadi masika yatakapokwisha, na mdomo wa kila korongo uzibwe kwa mawe na majani kabla ya mvua za Machi, ili maji yagawanyike. Njia mbili zinazouzunguka mlima zibaki wazi, isipokuwa siku ambazo udongo umelowa.

(b) Kabla ya kufunguliwa tena, afisa kilimo, afisa misitu na afisa utalii wa Halmashauri wazitembee njia zote tano kwa miguu, wakiwa pamoja na wazee wa kila kijiji, akina mama wanaozitumia, na sisi waongozaji, na mahali pa kuhamishia kila kipande kinachoshuka wima papimwe na kuwekewa vigingi.

(c) Jambo hili lipelekwe katika mkutano mkuu wa kila kijiji kinachopitiwa, na muhtasari ubandikwe hadharani. Kijiji kitakachokataa njia isipite kwake, uamuzi wake uheshimiwe.

(d) Mapato ya ada tangu ilipoanza yatangazwe, na asilimia inayorudi vijijini na kwenye matengenezo iandikwe, hata ikiwa ndogo, ili ijulikane.

(e) Vivuko viwili vijengewe madaraja ya miguu, na baiskeli zizuiwe kuvukia mtoni kwingineko.

(f) Kibao kiandikwe upya kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, kieleze kwamba mwenye mzigo na mtoto hupishwa, kwamba baiskeli hazipiti karibu na shule na visima saa za wanafunzi, na kiwe na namba ya simu inayopokelewa.

(g) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Jibu la kukataa nitalipokea, mradi liwe na sababu, kwa kuwa nitajua la kufanya baada yake.

Kwa upande wetu, waongozaji wenyeji tumekwisha kukubaliana kutozitumia njia hizo tatu kuanzia wiki hii, ingawa ndizo zinazopendwa zaidi na wageni na tutapoteza baadhi ya kazi. Tumeanza pia kulipanda korongo la shuleni majani ya gwatemala sehemu ya juu, ambako bado ni jembamba. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu tisa. Tulipanda mistari sita, na mwenye shamba la maharage ndiye aliyetupa mbegu, kutoka kwenye safu alizobakiwa nazo.

Jumamosi ijayo tutaendelea, kuanzia saa moja asubuhi, pale njia inapoanzia nyuma ya shule. Ninakualika uje, wewe mwenyewe au mtu utakayemtuma, mshuke nasi hadi mtoni kwa miguu na kurudi. Kwa mwendo wa kawaida ni chini ya saa mbili, na nitapenda tuzungumze mbele ya korongo lenyewe kuliko juu ya karatasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na mwongozaji wa wageni kwa baiskeli,
Usambara Magharibi.

Nakala:
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Wenyeviti na Watendaji wa Vijiji vinavyopitiwa na njia
Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi iliyo juu ya njia